Namna nilivyochagua uzi na sindano hadi nikajua kufuma

Nilipoamua kujifunza kufuma kwa sindano mbili nilijiwekea sharti moja: chochote nitakachonunua kinisaidie kuona vitanzi, vile viduara vya uzi vinavyoshikana kuwa kitambaa. Anayeviona vitanzi vyake hujifunza haraka, na kwa anayeanza hilo ni muhimu kuliko uzuri wa rangi.

Basi nikachukua uzi wa sufu wa unene wa kati, uliosokotwa vizuri, usio na manyoya, rangi ya maziwa. Uzi mweusi humeza vitanzi. Ule wenye manyoya marefu hauonyeshi chochote, na ukitaka kufumua unakuta umeng'ang'aniana. Pamba ni nzuri kwa nguo nyepesi, ila haivutiki, na mkono mgeni hupata tabu kulinganisha mkazo. Sufu huvutika ikarudi. Akriliki pia inafaa, tena kuifua hakuna masharti mengi.

Lebo niliisoma yote kabla ya kulipa. Ina mchoro wa sindano wenye ukubwa wake kwa milimita, na mraba unaoonyesha vitanzi na mistari mingapi inapatikana katika sentimita 10. Kuna pia namba ya utiaji rangi. Mabonge mawili ya rangi moja yakitiwa rangi siku tofauti yanaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya sweta, kwa hiyo nilichukua yote ya namba moja.

Kwenye sindano ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5, lakini namba 8 ya vipimo vya zamani vya Uingereza ni milimita 4, maana huko namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Mimi nafuata milimita peke yake. Nilichagua za mianzi, milimita 5. Za chuma huenda kasi lakini zinateleza, na vitanzi huchomoka kabla vidole havijazoea.

Kuanzisha vitanzi nilikumudu mapema. Muhimu ni kuacha mkia wa uzi unaofika kama mara tatu ya upana wa kazi. Muda mwingi niliutumia kwenye mshono wa mbele, yaani kitanzi cha msingi cha kufuma. Uzi unakaa nyuma ya kazi. Ncha ya sindano ya kulia inaingia kwenye kitanzi cha kwanza cha sindano ya kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma. Unauzungusha uzi kwenye ncha hiyo kinyume cha mwendo wa saa, unauvuta upite ndani ya kitanzi uje mbele, kisha kile cha zamani unakiachia kidondoke. Nilifanya polepole, nikitazama kila kitanzi kipya kinavyokaa.

Mshono wa nyuma ulinitisha mpaka nilipokigeuza kipande changu. Upande mmoja kitanzi kina umbo la V, upande wa pili ni kijinundu, na ni kitanzi kilekile! Mshono wa nyuma ni ule wa mbele uliotazamwa kwa upande wa pili: uzi unakuja mbele, sindano inaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Kuanzia hapo sikuhitaji kukariri nimefikia wapi, kitambaa chenyewe kilinieleza. Ukifuma mstari mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, kingo hujikunja. Usihangaike, ndivyo ulivyo mfumo huo.

Kila mwisho wa mstari nahesabu. Vitanzi huongezeka zaidi pembeni: uzi ukipandishwa juu ya sindano, kitanzi cha kwanza huonekana kama viwili, na mtu huvifuma vyote. Kabla ya kuanza mstari nauvuta uzi chini, halafu ndiyo naupeleka nyuma. Kitanzi kikidondoka nakipandisha kwa sindano ya kroshia, ngazi moja baada ya nyingine, na hakuna anayeona pengo.

Kufunga kazi, yaani kumalizia vitanzi vya mstari wa mwisho visifumuke, kunataka mkono mlegevu, la sivyo ukingo wa juu unabana. Dawa niliyoipata ni kubadilisha sindano ya kulia, nikaweka ya milimita 6, na kingo mbili zikalingana upana.