Siku moja maishani mwangu: kulaza theluji kwenye njia ya treni ya zamani

Saa tisa usiku. Kipimajoto kinasoma nyuzi 14 chini ya sifuri, na theluji iliyoanza jioni imekatika. Ndiyo hali ninayoiombea. Nakunywa chai ya tangawizi na kuondoka wengine wakiwa wamelala.

Kazi yangu ni kuendesha mashine ya kulaza theluji kwenye kipande cha njia iitwayo P'tit Train du Nord, kaskazini mwa Montreal, jimboni Quebec, Kanada. Hapa palikuwa na reli. Aliyeipigania ni Padri Antoine Labelle wa Saint-Jérôme: mwaka 1872 alipeleka Montreal msafara wa sleji, magari ya kuteleza juu ya theluji, zilizobeba kuni za maskini waliokuwa wakiteswa na baridi, ili wakubwa waone faida ya kuunganishwa na milima hii. Treni ilifika Saint-Jérôme mwaka 1876, na Mont-Laurier mwaka 1909, yeye akiwa alishafariki tangu 1891. Reli ziling'olewa, na mwaka 1996 njia ikafunguliwa kwa wananchi. Msimu wa joto ni ya baiskeli. Theluji ikishika, kati ya Saint-Jérôme na Val-David ni ya skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni.

Saa kumi alfajiri niko ndani ya mashine, taa zote zinawaka. Bamba la mbele linasukuma na kujaza mashimo. Nyuma kuna rola yenye meno inayosaga theluji, kisha mkeka mzito wa mpira unaikandamiza na kuacha mistari midogo midogo. Pembeni nashusha vyuma viwili vinavyochonga mifereji sambamba ya wale wanaokwenda kwa mtindo wa zamani, skii zikiwa zimenyooka. Katikati nawaachia uwanja tambarare wale wanaosukuma kwa pembeni, kushoto na kulia.

Watu hudhani mashine ikipita kazi imekwisha. Sivyo. Chembe zilizosagwa zinahitaji saa kadhaa za baridi bila kuguswa ili zishikane. Ukikanyaga mapema, mfereji unabomoka. Ndiyo maana siwezi kulala mpaka asubuhi.

Saa moja na nusu kunapambazuka kando ya mto Rivière du Nord. Mzee mmoja jirani tayari yuko njiani. Napunguza mwendo, ananyoosha fimbo kunisalimu. Mbele kidogo nakuta nyayo za viatu, zimezama katikati ya mfereji kwa mita mia nzima. Hilo linaniuma kweli. Anayetembea kwa miguu ana njia nyingi za kupita. Shimo la kisigino likiganda linaweza kumwangusha mtu.

Saa tatu naegesha mashine, naisafisha, naenda kulala.

Saa nane mchana ni zamu ya shangazi. Ametoka Bukavu mwaka jana, na tangu baridi ianze hatoki ndani. Leo amekubali. Tumekodi viatu na skii, namfunga kamba za viatu mwenyewe.

"Mwanangu, mimi nina miaka sitini na moja."

Nikamsimulia habari za Herman Smith-Johannsen, Mnorwe aliyefyeka njia nyingi za skii kwenye milima hii, akaishi miaka 111. Akacheka, akashika fimbo.

"Kunja magoti, shangazi. Usitazame miguu, tazama mbele."

Hapa ndipo namshukuru yule padri. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wajenzi waliufuata mto na kuusambaza mwinuko kwa kilomita nyingi. Mgeni wa theluji hakutani na mteremko wa kumtisha, wala kona ya ghafla. Shangazi aliteleza hatua fupi, skii zake zikishikwa na mifereji, mpaka akaacha kunishika mkono. Alianguka mara moja, akainuka akilalamika kwa Kishi, lugha ya kwao, akaendelea. Tulipofika kwenye kituo cha zamani cha treni cha Prévost uso wake ulikuwa mwekundu na hataki kurudi.

Saa kumi na mbili jioni naangalia utabiri. Kesho asubuhi kuna mvua. Mashine itabaki imeegeshwa, maana theluji iliyolowa ukiisaga baridi ikirudi inakuwa barafu tupu. Nimemwambia shangazi tutatoka tena keshokutwa. Ameshauliza ni saa ngapi.