Mimi si farumi

Jumapili, usiku

Mikono imechubuka kwa kamba, kalamu yenyewe naishika kwa shida. Baba Tima, mume wangu, amelala tangu saa mbili. Leo tumekubaliana mashua ya kununua. Imetuchukua miezi minne, mashua mbili za kuazima na ugomvi wa siku mbili ambao mama mkwe aliupata kwa simu akiwa Lamu.

Nianze na lile neno. Mimi nimezaliwa kambi ya polisi Nsambya, hapa Kampala. Kiswahili cha kambini kina maneno mengi ya kuamrisha, lakini la kamba au la tanga sikulisikia hata moja. Hayo yote nimeyapata kwa mume wangu, mjukuu wa nahodha, tangu tulipoanza kwenda kwenye mashua za matanga pale Kaazi, kwenye Ziwa Victoria. Demani, joshi, kubisha. Yeye nyuma na usukani, mimi mbele. Njoo huku, rudi kule, inama. Siku moja tukiwa tumeketi kula roleksi, zile chapati za kuviringishia mayai, na wenzetu, nikamsikia anawaambia, "Mama Tima ni farumi nzuri sana." Watu wakacheka, nami nikacheka. Njiani nikamuuliza farumi ni nini. Akanieleza bila wasiwasi wowote kwamba ni mawe au mchanga unaowekwa chini ya jahazi lisilo na shehena ili lisipinduke.

Sikusema neno mpaka Kibuye.

Kwa hiyo yalipoanza mazungumzo ya kununua mashua yetu ya mashindano, ya watu wawili, yeye alikuwa anauliza mbio na bei. Mimi kila mashua niliiuliza swali moja: anayekaa mbele anafanya kazi gani?

Ya kwanza kujaribu ilikuwa Enterprise, ile ya matanga ya buluu aliyoichora Mwingereza Jack Holt mwaka 1956. Ina urefu wa mita nne na kidogo, na haina waya wa mtu wa mbele kuning'inia nje ya mashua wala spinaka, lile tanga la mfuko linalofunguliwa upepo ukiwa nyuma. Mashua pole, na kwa upepo mdogo inateleza vizuri mno. Lakini mimi na yeye kwa pamoja ni kilo 146, na upepo ulipotusukuma kwa nyuma tuliiona tezi, yaani sehemu ya nyuma, inavyokaa chini na kuburuta maji. Kazi yangu ilikuwa tanga dogo la mbele, kupandisha na kushusha ule ubao wa kati, basi. Farumi yenye kamba mkononi.

Yeye moyo wake ulikuwa kwenye 470, kwa sababu ya Olimpiki. Jina ni urefu wake kwa sentimita. Aliichora Mfaransa André Cornu mwaka 1963, na kwenye michezo ya Paris ya 2024 ilishindaniwa kule Marseille na mwanamke na mwanamume katika mashua moja. Tulitazama zile mbio kwenye simu, yeye akinionyesha jinsi chombo kinavyokwenda. Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Waliochukua dhahabu ni Waaustria, na mwenye usukani ni Lara Vadlau. Lukas Mähr, mwanamume, ndiye aliyening'inia kwenye waya. Nikasimamisha picha hapo hapo, nikamgeuzia simu.

Akasema tuzungumze kesho.

470 yenyewe tuliiacha hata bila kuijaribu. Inawapenda watu wepesi, kilo 110 hadi 145 kwa wawili, nasi tumeshavuka hata kabla ya Idi. Tena zilizochoka huwa zinalegea mwili, na kuagiza mpya kutoka ng'ambo si mfuko wetu.

Ikabaki Fireball. Peter Milne aliichora mwaka 1962 ili mtu aweze kujijengea nyumbani kwa plaiwudi, ndiyo maana tumbo lake ni bapa na pua yake kama imekatwa kwa msumeno. Sura si kitu. Ni ndefu, mita 4.93, na mwili wake ni kama kilo 80 tu, kwa hiyo inawavumilia watu wa uzito wetu. Ikipasuka, fundi wa mitumbwi pale Ggaba mbao anazijua. Na wa mbele ana kazi kweli kweli: spinaka na mti wake, na ule waya unaoshuka kutoka mlingotini. Unajifunga mkanda kiunoni, unatia ndoano, unasimama ukingoni mwa mashua na mwili wote uko nje juu ya maji.

Hapo ndipo ugomvi. Yeye alisema ziwa letu asubuhi limelala kama mafuta, upepo wa kusini unaingia mchana, na ukiingia kwa nguvu huwa una wingu jeusi nyuma yake. Waya wa nini? Ni hoja, sikatai. Mimi nikasema waya ni wa siku zenye upepo, na kadiri uzito unavyokaa mbali ndivyo mashua inavyosimama wima. Yeye kilo 84, mimi 62. "Sasa Baba Tima, farumi nzito si ndiyo iende nje?"

Siku mbili chai tulikunywa kimya.

Leo tumeazima Fireball ya rafiki. Mimi usukani. Dakika kumi za mwanzo nilikuwa nahodha wa kutisha. Kisha nikakosea, pua ikachimba wimbi, mashua ikasimama ghafla na mume wangu akarushwa mbele, akazunguka mlingoti akatua majini kwenye magugu. Nimetia alama kalenda, baada ya wiki sita tunywe dawa ya kichocho. Mama simwambii. Tangu ile boti ya starehe izame upande wa Mukono, Novemba 2018, kila Jumapili ananiuliza kama nimevaa jaketi la kujiokolea, hata nikiwa sokoni.

Nilidhani ataomba usukani. Akapanda waya tena, anacheka, maji yanamchuruzika puani. Ndipo akanieleza kwamba utotoni Lamu, kwenye mashindano ya majahazi, kazi yake ilikuwa kukalia ule ubao unaotokeza nje upande wa upepo, chombo kisilale. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yake. Miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kunieleza.

Tunanunua ya zamani, shilingi milioni tano na nusu, ina tundu ubavuni. Fundi amesema Alhamisi. Ya wiki gani, hakusema.

Mlangoni kumetundikwa mkanda mpya wa kiunoni. Nimeushika nikaupima. Ni saizi yake.