Kupachika msimbo huku magunia yanapimwa

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa hiyo siku za giza hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa la Mwanza, hakuna atakayekuelewa ukisema unazima kompyuta. Mama mwenye stoo aliniwahi kabla sijakaa: "Mwanangu, rekebisha utakavyo, ila hiyo usiizime. Gari la Kongo linapakiwa." Shida yake ilikuwa gunia mojamoja kuandikwa kilo zisizoeleweka, halafu ukilipima tena linakaa sawa.

Programu inayosoma mizani imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na hapo mtu unashukuru. Methodi (kazi ambayo obijekti, yaani kitu ndani ya programu, inajua kuifanya) haikugandishwa ndani ya obijekti; ni jina tu kwenye klasi (kiolezo cha kuundia obijekti), na jina hilo linatafutwa upya kila linapoitwa. Lipe msimbo mwingine, yaani maagizo mengine, na hata obijekti zilizoundwa tangu asubuhi zitaufuata. Python 3.14, iliyotoka Oktoba 2025, imeleta sys.remote_exec: unaipa namba ya mchakato (namba ambayo kompyuta imeipa programu inayoendelea) pamoja na faili, nayo inaliendesha ndani ya programu iliyo kazini. Zamani, kwa kawaida, ilibidi uwe umejiachia mapema mlango wa kuingilia ndani ya programu.

Faili langu, la kuifanya soma iandike kwenye kumbukumbu kila mstari unaotoka kwenye mizani:

    from mizani import Mizani

    if not hasattr(Mizani, "soma_asili"):
        Mizani.soma_asili = Mizani.soma
        def mpya(hii):
            mstari = hii.soma_asili()
            hii.andika(mstari)
            return mstari
        Mizani.soma = mpya

Methodi yenye mzunguko wa while, unaorudia kazi ileile tena na tena, sikuigusa. Ile imeshaingia kazini, na itaendelea na msimbo wake wa zamani mpaka itoke. Niligusa soma, inayoitwa ndani ya mzunguko. Na ile if ya juu si urembo: endesha faili mara mbili bila hiyo, soma_asili inageuka kuwa mpya, mpya inajiita yenyewe bila kikomo, na wapakiaji wote wanageuka kukutazama wewe. (Usijaribu haya kwa klasi za Python yenyewe kama str wala int, zitakukatalia.)

Kumbukumbu haikuchelewa kusema. Mistari mizuri ilianza na ST, ile ya ajabu na US. Ndivyo mizani nyingi za kidijitali zinavyoongea: ST uzito umetulia, US bado unacheza. Kijana alikuwa akibonyeza gunia likiwa linayumba, na programu ikichukua namba bila kuangalia herufi za mbele.

"Sasa si uiambie hapohapo iyakatae hayo ya US?" mama akauliza.

Ingewezekana, kwa njia hiyohiyo. Nikakataa. Kuisikiliza programu ikiwa hai sina neno. Kubadili hesabu ya kilo gari likiwa nusu, hapana. Magunia ya risiti moja yangepimwa kwa kanuni mbili, na hakuna faili hata moja lingeonyesha yalipoachania. Nikamwambia kijana asubiri kwanza alama ya kutulia iwake kwenye mizani. Gari lilipoondoka nikarudisha Mizani.soma = Mizani.soma_asili, nikaandika ukaguzi wa ST kwenye faili lenyewe, ndipo mama akaruhusu tuzime.