Nilimsusa tabibu wangu, kisha nikarudi

Mwenzangu wa kazini aliniambia: "Ukienda kwa mshauri wa saikolojia andika orodha ya shida zako, atakupa la kufanya, vikao sita umemaliza." Ushauri huo ulinipotezea karibu mwaka mzima, na ndio ulionifanya niandike haya.

Mamangu alipofariki sikulia. Nilipokea wageni, nikahesabu sahani za hitima, nikafunga mizigo nikarudi Nairobi kazini. Miezi minne baadaye nikaanza kuamka saa tisa za usiku, tumbo limekaza kama kamba ya ndoo. Hospitali walinipima damu, wakapima kinyesi, wakanitia hata kamera tumboni. Hawakuona kitu.

Mshauri wa kwanza niliyemwendea alikuwa na karatasi za kujaza: huzuni yako leo ni ngapi kati ya kumi? Kikao cha tatu akaniambia mamangu asingependa kuniona hivi. Nilitoka pale tumbo limekaza zaidi. Karatasi zina kazi yake, wala sizitukani. Binamu yangu aliyekuwa haingii kwenye lifti alipona kwa mazoezi ya wiki chache tu. Lakini mimi sikuwa na hofu ya lifti. Nilikuwa na kitu nisichokijua jina.

Ndipo nikamtafuta anayefanya saikotherapia ya kina, tiba ya mazungumzo iliyotoka kwa daktari Freud kule Vienna na kwa daktari Jung wa Uswisi baada yake. Msingi wake ni kwamba mengi tunayoyafanya hatujui tunayafanyia nini, na yale tuliyotendana na watu wetu wa mwanzo huja kujirudia na watu wengine, hata na tabibu mwenyewe chumbani mwake. Hapa Kenya kuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo uliza kama mtu amesajiliwa, na usione haya. Muulize pia kama yeye mwenyewe aliwahi kukaa kwenye kiti cha mgonjwa. Waliosomea tiba hii kikweli hupitia tiba yao wenyewe, na huwa na mkubwa wao wanayempelekea kazi yao aikague. Wawili niliowauliza kwa simu walikasirika. Wa tatu alijibu, "Ndiyo, kwa miaka mingi," akanipa siku ya kwenda.

Ni mama wa makamo, chumba chake kiko ghorofa ya tatu Hurlingham. Viti viwili vimewekwa mshazari ili usilazimike kumtazama usoni, saa ya mezani iko mahali mnapoiona nyote wawili, na kuna boksi la tishu. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, dakika hamsini, si zaidi. Bei yake ni elfu nne na kitu; wapo wa elfu mbili na wapo wa juu zaidi, na mimi nilipomweleza hali yangu alinipunguzia. Bima ya kazini ililipa vikao vichache mwanzoni, basi.

Jambo lililonishtua ni kwamba haulizi sana. Ukinyamaza, naye hunyamaza. Kikao cha pili tulikaa kimya muda mrefu mpaka nikasikia mlinzi kule chini akifagia changarawe. Nilidhani hajui kazi. Baadaye nikatambua kwamba nilikuwa nangoja nipewe swali ili nijibu vizuri, kama nilivyojibu watu vizuri maisha yangu yote.

Ndoto zilinipa taabu. Mimi nimelelewa Kisauni, Mombasa, na nyanya yangu, na kwake ndoto mbaya haisimuliwi: unajikinga kwa Mola, unatema mate kidogo kushoto mara tatu, unageukia ubavu wa pili. Nilimweleza tabibu hivyo. Hakubishana nami. Alisema nyanya alinipa njia ya kulala tena, na kama siku moja nitataka kuleta ndoto, nafasi ipo. Ilipita miezi. Jung mwenyewe alipokuja Kenya mwaka 1925 akafika Mlima Elgon, aliwauliza wenyeji ndoto zao, na mzee mmoja akamjibu kwamba tangu Waingereza waingie ndoto zimekoma, kwa kuwa sasa DC ndiye anayejua kila kitu. Nadhani namwelewa mzee yule. Ndoto humpi mgeni aliyekuja na daftari.

Zilipoanza kuja zilikuwa zinanitoroka kabla sijafika bafuni. Kalamu na daftari havikunifaa, kwa sababu nikiandika nilikuwa narekebisha. Njia iliyonifaa ni hii: simu chini ya mto, macho yangali yamefumba, najirekodi kwa sauti kwa Kiswahili kile kile cha nyumbani. Hapo ndipo nilipoona kwamba kwa miezi yote nilikuwa naongea na tabibu kwa Kiingereza cha ofisini, kisafi, hakina machozi. Nilimwomba tubadilishe. Kiswahili chake ni cha bara na changu cha pwani, basi mara nyingi ilinibidi nimweleze neno. Hiyo ndiyo iliyoniokoa, kama nitakavyosimulia.

Alhamisi moja mvua ilinyesha, Ngong Road ikafungana. Niliteremka kwenye matatu nikatembea majini, viatu mkononi. Nilifika zimebaki dakika kumi. Alinipokea vizuri, nikakaa nikitiririka maji kwenye zulia lake, na saa kumi na mbili kasoro kumi akasema, "Muda wetu umekwisha." Ada ilikuwa kamili, ile ile. Makubaliano yalikuwa hivyo tangu siku ya kwanza: saa ile ni yako, uje usije. Nilijua. Lakini niliteremka ngazi nikitetemeka.

Usiku nikamtumia hela kwa M-Pesa, na chini yake ujumbe wa maneno mawili: "Asante. Sirudi." Alinijibu kwamba saa yangu ya Alhamisi ipo, na kwamba afadhali nije niseme hayo mbele yake. Sikujibu. Alhamisi iliyofuata sikwenda. Rafiki zangu wakaniambia vizuri, wezi wale, tafuta mwingine. Wiki ya tatu nikaenda, nimejiandaa na hotuba nzima, na niliitoa yote. Kwamba hana huruma. Kwamba aliniona nimelowa akatazama saa. Alisikiliza hadi mwisho. Nikamalizia, "Ndiyo maana nilisusa."

Akauliza, "Kususa ni nini?"

Nikaanza kumweleza. Si kukasirika tu, nikamwambia. Mtoto akiudhika anaacha chakula, anakwenda kukaa kando, njaa inamuuma na hali. Anataka nini? Anataka afuatwe. Anataka abembelezwe, aambiwe njoo ule mwanangu. Na asipofuatwa?

Hapo sauti ilinikatika.

Nilikuwa na miaka saba mamangu alipokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Akipiga simu kwa jirani, mimi nakataa kuishika. Nyanya akisema, "Mwacheni, amesusa, ataacha mwenyewe." Waliniacha. Miaka miwili baadaye alirudi na blanketi zito la rangi ya zambarau lenye picha ya simbamarara, kanibebea mimi. Nikalikunja nikaliweka juu ya kabati, ndani ya nailoni yake. Sikulitandika hata siku moja, naye hakuniuliza. Tuliishi hivyo mpaka amekufa, kwa adabu na salamu, kila mmoja akingoja mwenziwe aanze.

Nililia dakika zote zilizobaki. Tabibu hakunisogelea wala hakuniambia nyamaza. Muda ulipokwisha alisema umekwisha, na safari hii sikuchukia, kwa kuwa nilijua Alhamisi nitamkuta.

Kwa hiyo anayekuambia ukikasirishwa na tabibu uhame, mwulize kwanza umekasirishwa na nini. Tabibu akikutaka kimapenzi, akitoa siri zako nje, akikukopa pesa, ondoka siku hiyo hiyo na ukamshtaki. Lakini hasira ya mlango uliofungwa kwa saa yake ipeleke pale pale chumbani. Ningehama, ningekwenda kumsusa mwingine.

Tumbo halikupona siku ile. Lilipungua polepole, likarudi mwezi wa Ramadhani, likapungua tena. Sasa naamka labda mara moja kwa mwezi. Blanketi nililitoa Kisauni nikaja nalo Nairobi kwenye basi la usiku, nimelipakata. Bado lina harufu ya ile nailoni.

Mwaka wa tatu huu naenda. Juzi alinipa taarifa kwamba Desemba atakuwa likizo wiki tatu. Nilisikia tumbo linaanza kujikunja, nikamwambia papo hapo, "Nimenuna."

Akageuza kiti kidogo kunielekea. "Niambie," akasema.