Jinsi nilivyoiongezea kasi i5-9600K na kulimudu joto lake

Prosesa yangu ni Core i5-9600K, toleo la mwaka 2018, yenye viini sita. Si mpya, wala sikuitarajia ishindane na za leo. Ila ina herufi K mwishoni, na kwa Intel herufi hiyo maana yake kizidisho hakijafungwa. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ikiwa ya chipseti ya Z390 kama yangu, unakibadilisha mwenyewe. Hesabu yake ni rahisi: saa ya msingi ni MHz 100, kizidisho cha 43 kinaleta GHz 4.3. Hiyo ndiyo kasi ya kiwandani viini vyote sita vinapokuwa kazini. Ile 4.6 inayotangazwa ni ya kiini kimoja tu, na ukitaka kujua umepata nini kwa kuovakloki, yaani kupandisha kasi kupita ya kiwandani, usiitumie kama kipimo cha kuanzia.

Kazi yangu nzito ni kuhariri video, na programu ninayotumia hukamua viini vyote wakati wa kutoa faili la mwisho. Ndiyo maana nililenga viini vyote sita kwa pamoja, si kimoja kipandishwe juu halafu vingine vibaki nyuma.

Sikuanza na BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mazabodi. Nilianza na feni. Joto linalotolewa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake: ongeza volti kwa asilimia 10, joto limeshapanda kwa asilimia 21 hata kabla hujagusa kizidisho. Na ukitaka kasi ya maana, volti utaiongeza tu. Kwa hiyo kikomo cha kuovakloki ni uwezo wako wa kuliondoa joto, na uwezo huo unajengwa kabla ya kuingia BIOS.

9600K iliuzwa bila kipoza. Nilifunga cha hewa, mnara pacha wenye mabomba sita ya shaba na feni mbili za milimita 140. Vipoza vya maji nilivifikiria nikaviacha. Vinafanya kazi vizuri, sibishi, lakini vina pampu, na pampu ikifa huna kipoza tena. Kwenye kipoza cha hewa feni ikifa unanunua nyingine na maisha yanaendelea. Mabomba yale ya shaba yana kimiminika kidogo ndani, kinachochemka upande wa prosesa na mvuke wake kurudi kuwa kimiminika upande wa mapezi, yale mabati membamba ya kutawanya joto, kikizunguka chenyewe bila mota.

Kuhusu pesti ya joto, inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, watu hubishana kana kwamba ni dini. Mimi nilisafisha uso wa prosesa kwa alkoholi ya isopropili, nikaweka tone dogo katikati, nikakaza skrubu kwa zamu, kidogo upande huu, kidogo upande ule, ili kipoza kikae sawasawa. Tofauti kati ya pesti nzuri na ya wastani ni nyuzi chache. Kipoza kilichokaa upande kinakugharimu zaidi ya hapo.

Kilichonishangaza ni kasha. Niliendesha mzigo kwa muda mpaka joto likatulia, nikasoma, kisha nikafungua ubavu wa kasha bila kuzima chochote. Joto likashuka nyuzi nane. Jaribio hili halikuhitaji kununua kitu, na lilinieleza kila nilichohitaji kujua: kipoza kilikuwa salama, ila kilikuwa kinapuliziwa hewa ile ile ya moto iliyokwisha kupita kwenye kadi ya picha. Uso wa mbele wa kasha ulikuwa kioo kizima chenye mwanya mwembamba pembeni. Niliuondoa nikaweka wa wavu, feni mbili mbele za kuvuta hewa, moja nyuma ya kutoa. Ile tofauti ya nyuzi nane ikapungua hadi mbili. Tangu hapo mtu akiniuliza kipoza gani bora, namwambia kwanza afungue ubavu wa kasha lake.

Baada ya hapo ndipo nikaingia BIOS. XMP, mpangilio unaopandisha kasi ya RAM, niliizima kwanza, maana kompyuta ikianguka unataka kujua mkosaji ni nani, na RAM iliyopandishwa kasi ni mshukiwa wa pili usiyemhitaji. Volti niliitoa kwenye hali ya kujiamulia. Hili nalisisitiza. Mazabodi ikiachiwa ijipangie volti huongeza kupita kiasi ili isije ikalaumiwa kwa kuanguka. Kwa kizidisho cha 48 yangu ilikuwa inapeleka zaidi ya volti 1.35. Niliposhika usukani mwenyewe nikakuta 1.25 inatosha kabisa, na joto likashuka sana kwa kasi ile ile. Ukiacha mambo mengine yote niliyoandika hapa, shika hilo.

Mwendo ulikuwa huu: kizidisho juu hatua moja, jaribio fupi, kikipita hatua nyingine. Kikishindwa, volti juu kwa 0.01 au 0.02, jaribu tena. Kuna mpangilio mwingine uitwao LLC. Mzigo unapoingia, volti hushuka kidogo. LLC huzuia kushuka huko. Ukiuweka wa nguvu kabisa volti haishuki, lakini mzigo unapoachiwa ghafla inaruka juu kwa kitambo kifupi ambacho programu nyingi za kupimia hazikioni. Niliuweka katikati na kuukubali ule mshuko mdogo.

Kupima ndiko kunakochosha. Cinebench, programu ya kupima kasi ya prosesa, kupita hakuthibitishi kitu zaidi ya kwamba Cinebench imepita. Mimi natumia Prime95, ambayo inakokotoa hesabu zenye majibu yanayojulikana. Kiini kikitoa jibu lisilo sahihi inakisimamisha na kukuambia ni kipi. Pembeni naacha wazi HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, nikiangalia joto la kila kiini na mstari wa makosa ya WHEA. Makosa hayo ni yale ambayo prosesa imeyagundua na kuyasahihisha kimyakimya. Kompyuta haigandi, skrini ya bluu haiji, kila kitu kinaonekana shwari, lakini hesabu ya WHEA ikianza kupanda ujue uko ukingoni. Mimi kwangu hata kosa moja ni kufeli, naongeza volti au narudi nyuma.

Kwa GHz 4.8 na volti 1.25, kiini chenye joto zaidi kilikaa kwenye nyuzi 72 chini ya mzigo mzito. Prosesa hii hujipunguzia kasi yenyewe ikifika nyuzi 100, kwa hiyo nafasi ilikuwa tele. Na nafasi tele ina kishawishi chake, nacho kinaitwa 5.0.

Nilifika. Ilidai volti 1.36, na kiini cha moto zaidi kikagusa nyuzi 91, feni zikinguruma kiasi cha kusikika chumba cha pili. Nikakaa na kalamu. Kutoka 4.8 hadi 5.0 ni ongezeko la kasi la asilimia 4. Zidisha hilo na mraba wa uwiano wa volti, 1.36 gawanya kwa 1.25, unapata joto zaidi kwa asilimia 23 hivi. Asilimia 4 kwa 23! Nikarudi 4.8 siku hiyo hiyo. Sijui anayehitaji biashara hiyo isipokuwa anayewinda picha ya namba 5 ya kuwaringia wenzake, na huyo namwelewa, ila video zangu hazijali.

Faida halisi ni hii: video iliyokuwa ikichukua saa nzima sasa inaisha kwa dakika 54 hivi. Kwenye michezo sikuona tofauti ya maana, kwa sababu kadi yangu ya picha ndiyo inayobana. Mtu anayetaka michezo tu ningemwambia aache prosesa ilivyo.

Feni nimezipangia mkondo wenye ngazi: chini ya nyuzi 55 zinazunguka polepole kwa mwendo mmoja, zikipita hapo zinapanda taratibu, na kuna kuchelewa kwa sekunde chache kabla hazijaitikia. Bila kuchelewa huko, kila ukifungua programu zinapaa na kushuka, na kelele ya kupanda na kushuka inakera kuliko kelele yenyewe. XMP nimeiwasha tena na kurudia majaribio yote, maana kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa hiyo hiyo.

Joto la chumba bado lina sauti yake. Kipoza cha hewa hakiwezi kushusha prosesa chini ya hewa kinayoivuta, hivyo chumba kikipanda nyuzi sita, namba zangu zote nazo zinapanda karibu sita. Kwa misimu ya joto kali nina mpangilio wa pili uliohifadhiwa kwenye BIOS, GHz 4.6 kwa volti 1.17, na wavu wa mbele naupangusa vumbi kila nyuzi zinapoanza kuzidi zile nilizoziandika.