Alifika Mazikoni Pia

Shalom wapendwa.

Jumanne nilimwona dada mmoja wa jumuiya yetu akitoka sokoni. Aliponiona akakata kona, akaingia uchochoroni na kikapu chake kichwani. Namdai vitenge vitatu. Namdai na riba yake.

Usiku usingizi ulikataa, nikarudia riwaya niliyoianza zamani, *Madame Bovary* ya Gustave Flaubert, kitabu cha mwaka 1857. Mwenye duka la vitambaa humo, Lheureux, ndiye aliyenikosesha amani. Anabisha hodi kwa Emma, mke wa tabibu wa kijijini, anainama kwa adabu, anatandaza mitandio. Emma anasema hahitaji kitu. Naye hana haraka: pesa si tatizo, atalipa akipata, tena akikwama yuko tayari kumkopesha hata fedha taslimu. Jamani, maneno hayo nimeyasema mimi! Kwa sauti ileile ya upole.

Emma naye hakuwa mtakatifu. Alimdanganya mumewe na kutamani makuu. Lakini Lheureux aliuona udhaifu huo mapema, akaufanya shamba lake. Hati ya deni ikiiva anaandika nyingine, riba juu ya riba, na akibanwa anamsingizia mwenye benki wa Rouen. Mwisho mahakama inamtaka Emma alipe faranga 8,000 ndani ya saa 24. Anakwenda kumlilia. Lheureux anamuuliza kama alidhani atamuuzia na kumkopesha hadi mwisho wa dunia kwa ajili ya upendo wa Mungu.

Hapo nilikifunika kitabu. Kwa ajili ya upendo wa Mungu! Yeye alisema kwa kejeli. Sisi tunaimba hivyo kila Jumapili, kisha Jumatatu tunafungua daftari. Mpendwa, unayetoa mikopo ya kausha damu na bado unashika kipaza sauti cha sifa, nakuambia kwa upendo, na najiambia mimi kwanza: usijifiche nyuma ya "alikuja mwenyewe." Alikuja kwa sababu mtoto alirudishwa nyumbani kutoka shuleni. Wewe ulijua, ukapandisha riba. Nehemia aliwakemea wakuu wa Yuda waliowatoza ndugu zao riba, akawaambia warudishe mashamba na nyumba siku ileile. Hakusema mwezi ujao mambo yakitulia.

Emma alikula sumu ya panya. Lheureux hakukosa mazikoni, tena alisikitika kuliko wengi, maskini mama wa watu. Baadaye mumewe alikufa pia, na binti yao mdogo akaishia kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Nimewaza ni misiba mingapi nimekaa mstari wa mbele, nimefunga kitenge changu, na daftari liko kwenye mkoba.

Lipo jambo sijawaambia. Cherehani cha dada yule kiko chumbani kwangu, rehani, tangu mwezi wa nane. Kutoka 22 inasema ukichukua vazi la jirani yako rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, maana ndilo la kujifunikia. Yeye hujifunika kwa cherehani kile, yeye na watoto wanne.

Kesho asubuhi nakwenda kwake na bodaboda. Niombeeni asikate kona tena kabla sijafika.