Skenes na Zile Mechi za Moja Bila

Pittsburgh, Alhamisi, Julai 17, 2025

Mwisho wa mwezi uliopita Cardinals wa St. Louis walikuja hapa kucheza na Pirates, timu yetu ya besiboli, mechi tatu, na wakaondoka bila kupata mkimbio hata mmoja. Saba bila, moja bila, tano bila. Kabla yao walipita Mets wa New York, timu yenye pesa za kufuru, wakala tisa kwa moja, tisa kwa mbili, kumi na mbili kwa moja. Ukijumlisha mechi zote sita unapata mikimbio 43 kwa 4. Kofia nyeusi zenye herufi P ya njano zilirudi barabarani, hata kwa wale waliokuwa wameapa mwezi Mei kwamba msimu huu hawaangalii tena.

Halafu timu ikapanda ndege kwenda Seattle. Ijumaa ya Julai 4, siku ya uhuru wao, sita bila. Jumamosi moja bila. Jumapili moja bila. Safari hii waliotoka kapa ni sisi. Timu iliyowanyima wenzao mikimbio mechi tatu mfululizo ikanyimwa na yenyewe mechi tatu zilizofuatia. Wakashuka Kansas City, vichapo vingine vitatu. Wakaenda Minnesota, viwili zaidi. Jumla vinane bila pumzi. Jumapili iliyopita ndiyo walau wakachomoka na mbili kwa moja, wakaingia mapumziko ya katikati ya msimu wakiwa wameshinda 39 na kupoteza 58. Tunaburuza mkia katika kundi letu, na Chicago Cubs walioko kileleni wametuacha kwa mechi kumi na nane na nusu. (Hiyo nusu msiniulize, ni hesabu zao Wamarekani.)

Mdogo wangu yuko Tanga, na kwake mechi za usiku za huku huanza karibu saa nane kasoro usiku. Haangalii, ila asubuhi lazima anitumie ujumbe: "Mgosi, hao wako wameshafungwa?" Wala haulizi kama wamecheza.

Nikimweleza mchezo wenyewe humwambia afikirie kriketi. Mmoja anarusha, mwingine ana gongo, na hesabu ni ya mikimbio. Tofauti ni kwamba huku mikimbio ni adimu, na mrushaji mmoja mzuri anaweza kuifunga mdomo timu nzima. Kila timu ina awamu tisa za kupiga, na msimu una mechi 162. Ukiwa na mrushaji wa aina hiyo, siku yake ikifika unatakiwa uende uwanjani ukijua kazi nusu imeshaisha.

Sisi tunaye. Tena tunaye aliye bora kuliko wote, na hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Paul Skenes ana miaka 23. Ni jitu la futi sita na inchi sita, lina masharubu ya kizamani kama afande wa enzi za mkoloni. Kabla ya kuhamia chuo cha Louisiana alikuwa mwanafunzi wa chuo cha jeshi la anga. Pirates walimchukua wa kwanza kabisa katika uchaguzi wa chipukizi wa 2023, baada ya kushinda bahati nasibu ambayo ligi iliianzisha kwa ajili ya timu mbovu. Maana huku hakuna kushuka daraja. Ukiwa wa mwisho, unapewa nafasi nzuri ya kuchagua. Mei 2024 akapandishwa timu kubwa, na msimu ulipoisha akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake.

Siku akirusha, nikiweza kukaa karibu, sitazami mpira. Nasikiliza glavu ya mdakaji. Mpira wake wa kasi unafika maili 98, 99 kwa saa, na ukitua kwenye ngozi ile unatoa mlio mkavu ambao huusikii kwa warushaji wengine. Watu wa viti vya mbele huguna kwa pamoja nusu sekunde baadaye. Halafu ana mpira mwingine unaokuja na kasi karibu ileile, ila ukikaribia gongo unazama. Mpigaji keshajitoa mzima mzima, gongo linapita hewani, na yeye anabaki anaangalia ardhi pale mpira ulipotakiwa uwe.

Sasa angalia mtu huyu anavyotendewa. Mei 18 kule Philadelphia alirusha mchezo mzima peke yake, kitu ambacho siku hizi ni nadra. Alipoteza moja bila. Seattle ile Jumapili aliwatoa wapigaji kumi kwa straiki (mpigaji akishindwa mipira mitatu mizuri, anatoka) ndani ya awamu tano, akatoka ubao ukisoma sifuri kwa sifuri. Tukapoteza moja bila. Hadi leo anafungwa wastani wa mikimbio 2.01 kwa kila awamu tisa, na hiyo ni takwimu ya mfalme. Lakini katika kumbukumbu ameandikiwa ushindi 4 na vipigo 8. Mtu asiyejua mchezo akiziona hizo nne na nane atasema huyu arudishwe timu ya vijana.

Juzi Jumanne kule Atlanta, katika mchezo wa nyota, ndiye aliyeanza kurusha kwa upande wa ligi ya National, moja ya zile mbili zinazounda ligi kuu. Ni mwaka wa pili mfululizo, na hajawahi kutokea mrushaji aliyefanya hivyo katika misimu yake miwili ya kwanza. Akamtoa Gleyber Torres kwa straiki, akamtoa Riley Greene kwa straiki, Aaron Judge wa Yankees akaugonga mpira ukabingirika chini, akatolewa. Basi, kazi imekwisha, akaenda kukaa. Nikawaza: hawa waliomzunguka leo ndio wapigaji anaostahili kuchezea nao. Kesho kutwa anarudi kwetu.

Nilikulia Tanga, kwa hiyo mambo haya siyo mageni kwangu. Coastal Union walikuwa mabingwa wa soka wa Tanzania mwaka 1988, na mzee yeyote wa Barabara ya Ishirini atakusimulia kama vile lilitokea wiki iliyopita. Tangu hapo kazi yetu kubwa imekuwa kulea. Kijana anakuja, anang'aa msimu mmoja au miwili, Dar wanamwona. Bakari Mwamnyeto alikuwa nahodha wetu. 2020 akaenda Yanga. Wala humlaumu, hata mimi ningeenda. Unachobaki nacho ni ile hesabu ya kila msimu: huyu tutakuwa naye mpaka lini?

Kwa Skenes jibu linajulikana. Kwa kanuni za ligi yao yuko mikononi mwa Pirates hadi msimu wa 2029 uishe. Mwaka huu analipwa dola 875,000, wakati Juan Soto wa Mets amesaini mkataba wa dola milioni 765. Mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya Pirates ni wa Bryan Reynolds, dola milioni 106.75 kwa miaka minane. Kwa hiyo hakuna haja ya mtu kuniambia kwamba atabaki kwa mapenzi ya jiji. Tuna misimu mitano ya mrushaji wa aina hii, na wa kwanza kati ya hiyo uko nusu, tumeutumia kupoteza moja bila.

Ndiyo maana nikisikia neno "subira" napandwa na hasira. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi jikoni aliiona timu hii ikichukua ubingwa wa 1979 akiwa kijana wa shule. Ndio ulikuwa wa tano, na ndio wa mwisho. Baadaye akaishi misimu ishirini mfululizo, 1993 hadi 2012, bila timu kumaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo. Ishirini! Ikaja miaka mitatu ya neema, 2013 hadi 2015, Andrew McCutchen akiwa katika ubora wake, kisha kimya. Huyu mzee haombi ubingwa tena. Anasema anaomba Septemba moja tu ambayo mechi zake zina maana.

Mei 8 walimtimua kocha mkuu, Derek Shelton, timu ikiwa na ushindi 12 na vipigo 26. Kibarua kikapewa Don Kelly, mwana wa huku huku magharibi mwa Pennsylvania. Piga hesabu utaona kwamba chini yake ni ushindi 27 kwa vipigo 32. Si haba, lakini siyo tiba. Kocha hawezi kukushikia gongo. Kati ya mwisho wa Aprili na karibu mwisho wa Mei ilipita takriban mwezi mzima bila timu kufikisha mikimbio mitano katika mechi yoyote, na kubadilisha kocha katikati ya ukame ule hakukuleta mvua.

Uwanjani watu hawamtaji kocha. Wanamtaja mwenye mali, Bob Nutting. "Uza timu! Uza timu!" Inaanzia viti vya juu, inashuka taratibu, na siku ya ufunguzi kulikuwa na ndege iliyozunguka juu ikiburuta bango lenye maneno hayohayo. Mimi huwa siimbi. Tanga nimeona viongozi wakibadilishwa kila mwaka na madeni yakabaki palepale. Lakini nawaelewa waimbaji, hasa baada ya lile la Clemente.

Roberto Clemente, Mpuerto Rico, ndiye roho ya klabu hii. Alifariki mkesha wa mwaka mpya wa 1973, ndege yake ilipoanguka ikipeleka misaada kwa wahanga wa tetemeko la Nicaragua. Namba yake ni 21, na ukuta wa upande wa kulia wa uwanja umejengwa futi 21 kwa heshima yake. Mwaka huu mahali palipokuwa na alama ya 21 pakawekwa tangazo la biashara. Familia yake ikalalamika, mji ukachemka, alama ikarudishwa. Yaani kuna mtu alikaa ofisini, akaangalia namba ile, akaona ni nafasi ya tangazo. Mimi lile lilinikera kuliko vichapo vinane.

Afadhali Juni McCutchen alitupa kitu. Amerudi uzeeni, na usiku mmoja dhidi ya Miami akapiga homu rani (mpira wa kuvuka uzio) yake ya 241 kwa jezi ya Pirates, akampita Clemente aliyeishia 240. Uwanja haukuwa umejaa, lakini waliokuwepo walisimama muda mrefu.

Na yupo Oneil Cruz, ambaye sijaamua kama ni baraka au mateso. Mei 25 aliupiga mpira ukatoka kwenye gongo kwa maili 122.9 kwa saa, haujawahi kupimwa uliopigwa kwa nguvu kuliko huo tangu mitambo ya kupima ifungwe 2015, na ukaenda kuishia mto Allegheny. Jumatatu hii katika shindano la homu rani alipiga mmoja ukaenda futi 513, nikaruka sebuleni. Halafu kwenye mechi za kweli anarudi benchi kwa straiki tatu, mara kwa mara, huku wenzake wako kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, wakingoja. Ana umri wa miaka 26. Hatuwezi kumwita chipukizi milele.

Chipukizi wenyewe wapo. Bubba Chandler, mrushaji, yuko timu ya chini kule Indianapolis anabisha hodi. Konnor Griffin, mpigaji, ana miaka 19 na wanaofuatilia ligi za chini wanamzungumzia kwa sauti ya kunong'ona. Jared Jones alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwezi Mei, kwa hiyo tumsahau kwa sasa. Ukimtoa Griffin, ukiangalia majina haya unagundua tatizo: tunalea warushaji vizuri, tunaongeza warushaji juu ya warushaji, na Seattle imeonyesha kwamba hata wenzako wakikufunga mkimbio mmoja tu kwa mechi, unapoteza mechi zote mbili kama wewe huna hata mmoja.

Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa Julai 31. Jana wameanza, Adam Frazier ameenda Kansas City. Nitaumia David Bednar akiuzwa, kwa sababu ni mtoto wa pembeni ya mji huu, lakini timu yenye vipigo 58 haina kazi kubwa ya kumpa mrushaji wa kumalizia mechi. Auzwe, ila meneja mkuu Ben Cherington alete wapigaji. Asilete kijana mwingine wa miaka 18 mwenye mkono mzuri atakayekuwa tayari 2029. Wapigaji, watu wazima, wa kusimama nyuma ya Skenes mwakani. Na wale wa redioni wanaosema Skenes mwenyewe auzwe sasa ili tupate lundo la chipukizi, ningependa kuwapeleka uwanja wa Mkwakwani, Tanga, wakae jua la saa tisa, wawaulize wazee wa pale malundo ya chipukizi huwa yanaishia wapi.

Kesho ligi inarudi, na White Sox wa Chicago wanakuja kwa mechi tatu. Hao ndio waliopoteza mechi 121 mwaka jana. Nimemtumia mdogo wangu ujumbe kwamba hawa tunawafunga. Amejibu, "Sawa mgosi, nitakuamkia Jumatatu." Mzee wa jikoni yeye amesema nikinunua tiketi nisimnunulie.